Michezo Kumi na Minane ya Dorotea

Kila jioni, akishatoka shule na kubadili sare, Dorotea Mashimba alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kibandani kwa mama yake, fundi nguo wa mtaa wa Mkuyuni. Hiyo aliifanya huku amenuna. Ya pili ilikuwa kufungua daftari lake la kaunta, lililojaladiwa vizuri kwa nailoni, na kuwasomea watu. Hiyo aliifanya huku amenyoosha shingo.

Daftari lenyewe lilikuwa la sataranji. Mwalimu Revocatus, aliyefundisha hisabati na kusimamia klabu ya sataranji shuleni, alikuwa amewaambia wanafunzi wake hivi:

"Kila mmoja achague mianzo yake ya mchezo. Mwanzo mmoja wa kuchezea kete nyeupe na miwili ya kuchezea nyeusi, inatosha. Kisha mtafute kwenye kompyuta ya shule michezo ya mabingwa walioanza hivyo hivyo. Someni hatua kwa hatua, na kila hatua jiulizeni, kwa nini?"

Wenzake walinakili michezo mitatu au minne. Dorotea alinakili kumi na minane! Hatua za weupe kwa kalamu ya bluu, za weusi kwa nyekundu, na kila kichwa cha habari amekipigia mstari kwa rula. Akaikariri yote. Lile neno la mwisho la mwalimu, "kwa nini", hakuliandika popote, kwa sababu aliona litamchelewesha. Usomi wa namna hiyo, jamani, hata redio inao. Inasema kutwa nzima na haijui imesema nini.

"Mama Favour, keti nikusomee mchezo wangu wa kwanza," alimwambia mteja aliyekuja kupima gauni. "Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Farasi anatoka. Askofu anatoka. Halafu, hatua ya nne, farasi anaruka katikati mpaka upande wa adui. Adui kwisha!"

"Makubwa! Huyu mtoto ana kichwa," alisema Mama Favour, ambaye hakujua askofu ni yupi wala farasi ni yupi.

Sifa kama hizo ndizo zilizomharibu, hata klabuni akawa anausoma mchezo huo kwa sauti kila siku. Timu ya shule, wachezaji wanne, ilikuwa iende Magu Jumamosi kushindana na shule nyingine. Watatu walikwisha kuchaguliwa. Nafasi moja tu ilibaki, na walioigombea walikuwa wawili, Dorotea na Okwach. Basi Dorotea, kabla hata hajacheza, akatangaza mtaa mzima kwamba anakwenda Magu. Mama yake akaanza kumshonea sketi mpya ya safari.

Na Okwach alikuwa nani mbele yake? Mvulana aliyehamia kutoka Mara mwaka jana, aliyekulia kwenye drafti la vizibo vya soda. Daftari lake halikuwa na jalada. Ndani mlikuwa na michezo mitatu tu, imejaa mishale, alama za kuuliza na mahali palipofutwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Wiki mbili upo kwenye mchezo mmoja!" Dorotea alimwambia siku moja mbele ya klabu, akimtazama juu mpaka chini. "Unasoma au unaatamia?"

Watoto wakacheka. Okwach akakuna kichwa. "Sijaelewa kwa nini huyu farasi hakurudi nyuma."

"Hakurudi kwa sababu bingwa hakumrudisha. Kariri, uende mbele! Au rudi kwenye vizibo vyako." Akasonya, akafunga daftari lake ili Okwach asije akachungulia michezo mingine.

Jumatano Mwalimu Revocatus akawakutanisha. "Mchezo mmoja. Atakayeshinda ndiye wa kwenda Magu."

Dorotea alipewa kete nyeupe. Akatabasamu, akaanza mchezo wake namba moja. Askari. Farasi. Askofu. Mkono ulikwenda mbio kama unaandika imla. Okwach alijibu taratibu, na katika hatua ya tatu akafanya jambo dogo sana. Daftarini, bingwa wa weusi alikuwa ametoa farasi. Okwach hakutoa farasi. Alimsogeza askofu wake hatua moja tu, akamweka mbele ya mfalme.

Mtu yeyote mwenye macho angesimama kidogo, kwa sababu askofu yule sasa alikuwa anatazama kimshazari mraba ule ule ambao farasi wa Dorotea alikusudia kurukia. Lakini Dorotea hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anatazama ukurasa wa kwanza wa daftari, kichwani mwake. Farasi akaruka.

Okwach akanyoosha mkono, akamla bure.

"Mwalimu!" Dorotea alipiga kelele. "Amekosea! Hiyo hatua haimo!"

"Haimo wapi?" aliuliza mwalimu.

"Kwenye daftari langu!"

Loo! Klabu nzima ilianguka kicheko. Nestory, mkubwa wa timu, alicheka mpaka akashika meza. Dorotea akaendelea kucheza huku machozi yanamlengalenga, akizirusha hatua zilizobaki za mchezo namba moja dhidi ya mtu ambaye hakuwa anacheza mchezo namba moja. Haikuchukua muda mfalme wake akabanwa kwenye kona.

"Okwach, ulijuaje?" Mwalimu Revocatus aliuliza.

"Kila siku anatusomea kwamba farasi ataruka pale," Okwach alijibu, bila kucheka. "Nikajiuliza, nani anaweza kupalinda? Nikamwona askofu."

Dorotea alifika kwa mama yake macho yamevimba. Alieleza yote, akimalizia kwamba Okwach ni mjanja mjanja tu. Mama akasimamisha cherehani.

"Nilipoanza ufundi," alisema, "nilimshonea bibi harusi mmoja gauni lililosifiwa mji mzima. Nikahifadhi vipimo vyake kwenye daftari. Akaja bibi harusi wa pili, anataka kama lile. Unajua nilifanya nini? Nilikata kwa vipimo vya yule wa kwanza! Sikumpima. Gauni zuri, lakini halikupita mabegani. Siku ya harusi yake, Dorotea. Nililia hivyo hivyo unavyolia."

Dorotea akapangusa macho.

"Huo ulikuwa ujinga, na ujinga huponywa. Mimi nilipona. Lakini hii dharau ya kumcheka mwenzako kwa sababu anauliza, uliitoa wapi? Humu ndani hukuiona. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kesho ukamwombe radhi."

Dorotea aliona aibu, lakini kesho yake alikwenda. Alimkuta Okwach peke yake kwenye chumba cha klabu.

"Nisamehe, Okwach. Nilikudharau, tena mbele za watu." Akaweka daftari la kaunta mezani. "Chukua uende nalo Magu."

Okwach alifungua, macho yakamtoka. "Michezo yote hii! Mimi nina mitatu tu. Nikikutana na nisichokijua nitafanyaje? Keti tusome."

Wakapanga mchezo namba moja. Okwach akamweka tena askofu mbele ya mfalme. Mkono wa Dorotea ukaenda kwa farasi kwa mazoea, ukasimama hewani.

"Kwa nini amekaa hapo?" aliuliza. Akatazama ubao kwa muda mrefu. "Analinda, sawa. Lakini hanishambulii popote." Akamwacha farasi, akamsukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, katikati ya ubao.

Okwach akashika kidevu. "Hii sasa sikuifikiria."

Jumamosi timu iliondoka, Dorotea akabaki anafagia vitambaa. Jioni Okwach alipita kibandani mbio kurudisha daftari. Alikuwa ameshinda michezo mitatu kati ya mitano, mmoja kwa mwanzo wa ukurasa wa kumi na moja wa daftari hilo, ule waliokaa nao Ijumaa baada ya masomo wakiuulizia "kwa nini". Dorotea alifurahi na kuumia kwa pamoja.

Muhula uliofuata daftari lake lilikuwa chafu, limejaa mishale na alama za kuuliza pembeni. Safari hii, Mwalimu Revocatus alipomjaribu, alichaguliwa kuingia kwenye timu.

Akakimbilia kwa mama yake. Ile sketi ilikuwa bado inaning'inia ukutani, haina pindo. Mama akachukua futi yake ya kupimia.

"Mama, si ulishanipima?"

"Nilikupima zamani," alisema mama. "Umekua tangu siku ile. Kuwa na vipimo vizuri vya jana hakumwondolei fundi kazi ya kumtazama mtu aliyesimama mbele yake leo. Nawe huko uendako mtazame unayecheza naye, na umheshimu, hata kama amekuja na vizibo. Haya, simama wima."

Dorotea akasimama wima.