Mshipa wa Anania

Taata, baba yetu, alitutoka siku ya soko. Asubuhi alibeba mkungu wa ndizi kutoka shambani kwetu Kyimo hadi barabarani. Alipoutua, alijishika mgongoni, katikati ya mabega.

"Kuna kitu kimechanika humu," alisema.

Tulidhani ni uzito wa mkungu. Tulimkanda kwa kitambaa cha moto. Kabla jua halijazama, alikuwa amefariki. Aliitwa Jotham. Hatukujua kwamba alikuwa na presha.

Mwaka uliofuata, kaka yangu Anania alishikwa na maumivu kama yale akiwa anachuma chai. Tukamleta nyumbani, Mama akabandika maji ya kumkanda. Nesi Lilian, jirani yetu, alikuwa akipita kwenda zahanati. Alisikia mguno, akaingia.

"Maumivu yalianza polepole au ghafla?"

"Ghafla, dada. Kama nguo inayochanwa."

Lilian alitoa kipimo mkobani, akampima presha mikono yote miwili. Ilikuwa juu sana, na vipimo vya mikono havikulingana.

"Mama, epua maji hayo. Huu si mgongo. Twende hospitali sasa hivi."

Picha ilionyesha kwamba mshipa mkuu, ule unaotoa damu kwenye moyo, umechanika kwa ndani, kutoka kifuani hadi tumboni. Mama hakuelewa. Lilian alimweleza hivi:

"Shina la mgomba lina maganda, moja juu ya jingine. Mshipa nao una matabaka. La ndani limechanika, damu imepenya katikati. Ganda la nje lililobaki ni jembamba."

Dawa za kushusha presha zilimwokoa siku ile. Lakini miezi ilipopita, mshipa ulizidi kutanuka. Tukapelekwa Dar es Salaam. Daktari alisema watafanya kazi mbili. Kwanza watapasua shingo na kifua, wajenge njia mpya ya damu ya kichwani. Kisha, kupitia mshipa wa kwenye kinena, wataingiza bomba la kitambaa lenye waya, lizibe pale palipochanika kifuani. Njia mpya ilihitajika kwa sababu bomba hilo lingefunika ile ya zamani.

"Atapona?" Mama aliuliza.

Daktari hakuficha. "Wengi wanaendelea vizuri. Wengine hupata kiharusi au hupooza miguu. Wapo wanaofariki. Lakini tukiuacha, mshipa huu utapasuka."

Anania akasema, "Nipasueni. Taata hakupata hata nafasi ya kuulizwa."

Alirudi nyumbani anatembea. Sauti tu ilikuwa imekauka, kwa sababu neva ya sauti hupita karibu na mshipa ule. Picha ilionyesha kwamba kifuani damu imeacha kupita pasipofaa. Tulifurahi mno. Naye akajiona amepona kabisa.

Kisha jirani mmoja akafariki. Kwetu, wanaume ndio huchimba kaburi, kwa zamu. Anania alikuwa amekaa kando.

"Weee Anania!" Mzee Gwakisa aliita kutoka shimoni. "Umekuwa bibi harusi? Asiyewachimbia wenzake, yeye atachimbiwa na nani?"

Wanaume wakacheka. Anania akainuka, akashika jembe.

"Anania!" Lilian, aliyekuwa akipika na akina mama, aliacha sufuria, akaja mbio. "Bomba liko kifuani. Tumboni mshipa bado umechanika. Ukijikaza kwa kazi nzito, presha inapanda. Unataka uchane na palipobaki?"

Kaka yangu alisimama na jembe lake mbele ya watu wote. Niliwahi kumwona akienda kupasuliwa bila kusita. Sasa alisita, akiwatazama waliomcheka. Mwishowe aliliweka chini.

"Wazee wangu," alisema kwa sauti yake ile kavu, "jembe siliwezi tena. Nitagawa ugali pamoja na akina mama. Heri niwagawie ugali leo kuliko mnichimbie kesho."

Gwakisa akajifuta jasho.

"Haya, mgawaji. Basi mimi nyama yangu iwe kubwa!"

"Nyama baadaye, mzee," Lilian akamjibu. "Ukitoka humo shimoni, kwanza nikupime presha. Lini ulipimwa?"

"Mimi? Mimi sijaumwa."

"Hata Jotham hakuwa ameumwa."

Wiki ile wanaume wengi walikuja zahanati, Gwakisa mbele yao. Presha yake ilikuwa juu. Mimi na Mama tulipimwa pia, na mimi nikapelekwa kupigwa picha, kwa sababu ugonjwa huu huweza kufuata ukoo. Mshipa wangu ni mzima.

Anania anameza vidonge kila asubuhi, hata akijisikia vizuri. Kila mwaka anarudi Dar es Salaam kupigwa picha. Tumboni bado pamechanika, na madaktari wanapaangalia.