Niliwachekesha Watu kwa Sitara ya Mama

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Mambrui, nina mume na mtoto mmoja. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanilaani. Kujilaani nimeshajilaani mwenyewe, na wala sijamaliza.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vichekesho vya televisheni. Tulirikodi Malindi, katika nyumba ya kukodi, kipindi cha kuwachekesha kina mama wa Pwani. Mkubwa wetu alisisitiza tujue tunamwandikia nani. Vijana, alisema, hucheka mtu akianguka. Watu wa bara hucheka wakisikia tu lafudhi yetu. Lakini mama wa Pwani, aliyekwisha kupika na kuketi mkekani, huyo ni mgumu. Hacheki mpaka amtambue mtu.

"Mpe jirani yake," alituambia. "Mtu hajicheki mwenyewe, humcheka jirani."

Nilijaribu visa vya mawifi. Nikajaribu wake wenza. Nikajaribu shoga asiyeisha kuazima chumvi... Kina mama walitazama wakapiga miayo. Mkubwa akaanza kunitazama kwa jicho la kuniaga, nami nilikuwa na kiburi cha jina langu kupita kwenye kioo. Ningerudi Mambrui na uso gani?

Ndipo nikakumbuka nyumbani kwetu.

Baba alikwenda Arabuni kutafuta kazi nikiwa na miaka tisa. Barua zilikuja mwaka mmoja, kisha zikakatika. Hakufa, maana tulisikia ameoa huko. Mama hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Lakini kila mwanamume mgeni alipopiga hodi, alijibu kutoka ndani, "Karibu, ngoja kidogo. Mwenyewe yuwaoga." Kisha huingia chooni akamwaga makopo mawili matatu ya maji sakafuni, ili mgeni asikie. Mgeni hungoja, akachoka, akaaga.

Mtaa mzima ulijua kwamba mle hakuna mwanamume anayeoga. Na mtaa mzima ulinyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo sitara. Mtu akijifunika, humfunui.

Mimi nikamfunua.

Nilimwandika mwanamke mmoja, nikamwita Bi Mwenyewe, ambaye mumewe anaoga kipindi hadi kipindi. Wageni wanakuja, maji yanamwagwa, mume hatoki. Mgeni mmoja anauliza, "Bibi, huyu bwana anaoga au amekuwa samaki?" Basi... Malindi ilicheka, Kilifi ikacheka. Kina mama walituma salamu studioni wakisema, huyu tunamjua, huyu yuko mtaani kwetu. Mkubwa alinipongeza mbele ya wote. Alikuwa kasema kweli, kila mtu alimcheka jirani yake. Jirani huyo alikuwa mamangu.

Nilijidanganya kwamba mama hana televisheni, kwa hiyo hatajua. Hivi mtaani mtu huhitaji televisheni ili ajue kwamba anachekwa?

Ijumaa moja nilikwenda kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Alikuwa akichagua mchele.

"Zuhura, yule mwanamke uliyemtunga, jina lake nani?"

"Mchezo tu, mama."

"Sikuuliza kama ni mchezo."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, pole pole, kisha akasema, "Mimi sikuyamwaga maji yale kwa ajili yangu. Mlikuwa wasichana wawili ndani ya nyumba. Niliogopa watu wajue hamna wa kuwalinda. Nikayamwaga mpaka dadako akaolewa, mpaka nawe ukaolewa. Baadaye nikashindwa kuacha."

Nililia, nikamshika miguu, nikaapa kwamba nitaacha. Na hapa ndipo pabaya kuliko pote... sikuacha. Mkubwa alisema watazamaji wanamtaka Bi Mwenyewe, nikaandika vipindi viwili zaidi. Nilijiambia kwamba ni viwili tu.

Wanaume wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wakipita mlangoni kwa mama na kuita, "Hodi! Mwenyewe hajatoka kuoga?" Mama akafunga komeo. Akaacha kuitikia hodi kabisa, awe mgeni awe jirani. Kwetu mtu asiyeitikia hodi amejitoa kwa watu. Majirani walizoea, wakawa wanabisha mara tatu kisha wanaondoka.

Ndiyo sababu siku alipoanguka kwa presha, hakuna aliyeshtuka. Bi Saada wa nyumba ya pili alipiga hodi asubuhi amletee mbaazi. Kimya. Akarudi adhuhuri, kimya tena. Alidhani ni ile tabia yake mpya. Majirani walivunja mlango alasiri wakamkuta sakafuni, macho wazi, anasikia kila kitu, ulimi hauwezi kuitika. Aliishi siku mbili hospitalini. Nilimwomba radhi sikioni mara nyingi, na sijui kama alinipa.

Tulimrudisha Mambrui. Wanawake walijaa ndani, na mama yangu mdogo, Bi Rukia, akasimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea maiti. Mnajua wenyewe kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha haisemi mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo haingii kila mtu.

"Anayeweza kusitiri na aje," alisema.

Dada yangu akaingia. Nami nikainuka, nikakunja mikono ya baibui, maana nani mwenye haki ya kumwosha mama kama si mwanawe? Bi Rukia akaniwekea mkono kifuani, taratibu, bila hasira.

"Wewe keti, mwanangu."

Niliketi. Hakuna aliyenitetea, na hata mimi sikuona cha kujitetea.

Kazi niliiacha. Bi Mwenyewe anaandikwa na mtu mwingine sasa, na nasikia bado anachekesha. Ndugu zangu mnaoandika, na ninyi mnaorikodi wazazi wenu kwa simu mkawatupa mitandaoni wachekwe, nawasihi... kabla hujakitoa kichekesho cha nyumbani kwenu, jiulize mzee wako alikuwa akificha nini, na kwa ajili ya nani. Watazamaji watacheka wiki moja, kisha watataka kingine. Mimi nilipata watazamaji wa Pwani nzima, na mamangu akaoshwa na wengine mimi nikiwa nimeketi ukumbini.