Ukuta Wenye Chumvi

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyumba ya fundi cherehani iliamka mapema kuliko siku za shule. Mama mwenye nyumba alifunika cherehani yake kwa shuka, akachemsha mayai manane, akajaza chai kwenye chupa. Binti yake wa miaka kumi na miwili alifua sare zake na za mdogo wake, akazianika na kuzibana kwa vibanio vya mti ili upepo usije ukazichezea. Kaka yake Mama, ambaye watoto walimwita Mjomba, alikuwa fundi uashi na alikaa chumba cha uani. Kazi yake asubuhi hizo ilikuwa moja tu, kuuliza kila baada ya dakika mbili, "Bado? Au twende mwezi ujao?"

Ndiye aliyempa mpwa wake jina la Kiberiti, kwa sababu binti yule alikuwa mwepesi wa hasira. Ukimgusa tu, amewaka.

Jumapili hiyo, ajabu, Mjomba hakuuliza kitu. Alikaa kizingitini akichezea kamba za viatu.

"Leo mimi nipumzike," alisema. "Sijisikii vizuri."

"Unaumwa nini, na jana umekula sahani mbili?" Mama akamkata. "Miezi mitatu mvua imetuzuia. Nyanyuka, kaka."

Mjomba akanyanyuka, shingo upande.

Walipanda basi mpaka kituo cha mwisho, wakapita nyuma ya kiwanda cha mbao, kisha wakashika njia nyembamba kati ya mivinje. Ufukwe ulikuwa mbele yao. Hapakuwa na hoteli, wala kibanda, wala spika za kupasua masikio. Watu wengi wa mjini hawakupapenda. Walisema, "Utakwenda kufanya nini mahali hata soda hakuna?" Kiberiti alipapenda kwa sababu hiyo hiyo. Kila walipokwenda aliokota vikombe vidogo vya baharini, yaani magamba ya konokono, vya rangi ya waridi, vidogo kama punje za mchele. Hakuwahi kuviona ufukwe mwingine wowote. Nyumbani alikuwa na chupa nzima ya jamu iliyojaa vikombe hivyo, na Mama aliiweka kwenye meza ya cherehani, karibu na vifungo.

Katikati ya ufukwe palikuwa na jiwe bapa waliloliita Meza. Hapo ndipo walipoweka chakula. Kiberiti alikimbia mbele na kikapu cha mayai, kama kawaida yake, akanyoosha mkono kukiweka. Mkono ukagonga ubavu wa jiwe.

Alisimama akishangaa. Mara ya mwisho Meza ilimfika kiunoni. Sasa ilikuwa juu ya kichwa chake.

Jiwe halikuwa limekua. Mchanga ndio ulioondoka. Alipogeuka akaona mashimo, moja, mawili, sita, yamejaa maji machafu yenye viluwiluwi vya mbu. Mivinje miwili ilikuwa imelala, mizizi juu. Alama za magurudumu ya lori zilikuwa zimeukata ufukwe kama mikwaruzo ya kucha.

"Wezi!" Kiberiti alipiga kelele. "Wezi wakubwa! Washenzi!"

"Mdomo huo," Mama alionya.

"Lakini Mama, tazama! Mtu anaiba kuku, anaiba baiskeli. Hawa wameiba ufukwe!"

Mdogo wake, aliyekuwa akikimbia bila kuangalia, aliteleza ukingoni mwa shimo. Mama akamdaka kwa kola ya shati, na hapo hata yeye akakasirika. "Shimo la kumzamisha mtoto, wameliacha wazi namna hii! Watu hawana haya."

Mjomba alikuwa amewapa mgongo, akimenya yai. Alilimenya mpaka akaanza kubandua na ute wake.

"Mchanga ni wa Mungu," alisema polepole. "Utarudi wenyewe."

"Utarudi na nini?" Kiberiti akamrukia. "Na basi?"

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Lakini Kiberiti hakuwa na mzaha. Machozi ya hasira yalikuwa yakimchoma macho. Alisimama pale chini ya Meza, ngumi zimekunjwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka majini, "Nikimjua aliyefanya hivi, nitamtaja mbele ya watu wote. Hata awe nani!"

Mjomba alimtupia kaa yai lake, akasema wafungashe, jua limekuwa kali.

Kesho yake, Jumatatu, wanafunzi waliitwa mstarini mbele ya darasa jipya la sita. Darasa hilo lilikuwa fahari ya shule. Lilimalizwa wakati wa likizo, na Mjomba ndiye aliyelipiga lipu, lile tabaka la saruji na mchanga linalolainisha ukuta. Kiberiti alikuwa amejisifu kwa kila mwenye masikio, "Ukuta huo ni wa mjomba wangu!"

Sasa pande la lipu kubwa kama mlango lilikuwa limeanguka na kupasuka chini.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alimwita mbele msichana mrefu aliyekuwa golikipa wa timu ya wasichana. Shule nzima ilimwita Nyavu. Alikuwa akikaa dawati moja na Kiberiti tangu darasa la kwanza.

"Ulipiga mpira kwenye ukuta huu, au hukupiga?"

"Nilipiga, mwalimu, lakini..."

"Lakini ya nini? Watu wamejinyima kwa ajili ya darasa hili, wewe unalifanya goli! Kesho usitie mguu darasani mpaka mlezi wako aje hapa, na fundi wa kutengeneza."

Nyavu alirudi mstarini. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, na fundi angemtoa wapi?

Kiberiti alikuwa anachemka. Mpira wa matambara ubomoe ukuta? Wakati wa mapumziko alimshika Nyavu mkono, wakaenda kuukagua ukuta wenyewe. Jua lilikuwa limewaka wiki nzima, lakini ukuta ulikuwa na unyevu kama mtu aliyetoka jasho, na ungaunga mweupe ulikuwa umeota juu yake. Alipoubonyeza kwa kidole, lipu ikamong'onyoka kama biskuti. Aliokota kipande, akakigeuza.

Ndani ya kipande kile kulikuwa na kikombe cha rangi ya waridi, kidogo kama punje ya mchele.

Kiberiti aliusogelea ukuta, akatoa ulimi, akaulamba.

"Wewe!" Nyavu alishtuka, halafu, pamoja na huzuni zake, akaangua kicheko. "Njaa gani hiyo ya kula shule?"

Kiberiti hakucheka. Ulimi ulikuwa umejaa chumvi. Chumvi ya baharini.

"Umeona nini?" Nyavu akauliza.

Jibu lilikuwa mkononi mwake. Alikitia kile kipande mfukoni, akatazama pembeni. "Hamna kitu," alisema.

Siku nzima kipande kile kilimkwaruza paja. Saa za kutoka, Nyavu alikusanya madaftari yake yote kama mtu anayehama. Kiberiti alikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa akikunja pindo la sketi, na Mjomba alikuwa amekaa kwenye stuli, anakunywa chai ya jioni. Kiberiti alikitupa kile kipande mezani, kikagonga chupa ya vikombe.

"Ni wewe!" alimwambia Mjomba, hata shikamoo akaisahau.

Mjomba alitazama kipande, akatazama chupa. "Nani kakwambia?"

"Ukuta! Lipu imeanguka, mtoto wa watu kaadhibiwa bure. Nimeulamba, una chumvi!"

Mjomba akainuka, chai ikamwagika. "Basi na wewe umekuwa mkaguzi wa majengo? Unajua mchanga wa mto unatoka mbali kiasi gani? Lori limechelewa, kamati ya shule wananisukuma, maliza, maliza! Dereva akaniambia uko mchanga karibu. Nilijua unatakiwa kuoshwa chumvi kwanza. Nikasema safari hii tu, utakauka. Na darasa la pili watakalojenga wameniahidi mimi. Ukifungua mdomo wako, kazi imekwenda. Utakula nini? Utakula hasira?"

Mama aliiweka sketi mezani.

"Nani kaadhibiwa kwa ukuta huo?" Mama aliuliza.

"Nyavu. Wanasema ni mpira wake. Kesho haingii darasani."

"Na kipande hiki umekiokota saa ngapi?"

"Mapumziko."

"Ukamwambiaje?"

Kiberiti aliinamisha kichwa. "Nikamwambia hamna kitu."

Mama alivua miwani yake. Hakupandisha sauti, lakini wote wawili walijua ameghadhibika. "Jana ulituziba masikio. Utamtaja mwizi mbele ya watu wote, hata awe nani. Leo umemjua. Sauti imekwenda wapi?"

"Lakini ni Mjomba, Mama."

"Ndiyo, ni mjomba wako, na ni kaka yangu, tumelala mkeka mmoja. Kwa hiyo mtoto wa mlinzi ndiye abebe?" Akamgeukia kaka yake. "Na wewe. Mimi nikishona gauni kwa uzi uliooza, likamchanikia mtu barabarani, nitasingizia upepo? Mdogo wake huyu jana nusura azame kwenye shimo lako, na ukakaa pale unamenya yai!"

Mjomba alisukuma stuli kwa mguu. Alitoka, akaubamiza mlango wa uani mpaka mkasi ukaanguka chini kutoka mezani.

Asubuhi, chumba chake kilikuwa kitupu. Kiberiti alikwenda shule peke yake. Nyavu alikuwa amesimama nje ya lango, begi mgongoni, anakwepa macho ya wenzake. Kiberiti alimpita, akageuka, akarudi.

"Nilikudanganya jana," alisema. "Kulikuwa na kitu. Nisubiri hapa."

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, akagonga mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Nyavu hakuharibu ukuta. Lipu ina mchanga wa baharini ambao haukuoshwa. Ina chumvi, ndiyo maana inaanguka." Akaweka kipande mezani.

Mwalimu mkuu alikichukua, akakigeuza. "Unajua ni nani aliyeipiga lipu hiyo?"

"Najua, mwalimu." Akamtazama usoni. "Ni mjomba wangu."

Kabla mwalimu hajajibu, nje kukasikika ko! ko! ko! Kisha kishindo cha vipande vinavyoporomoka.

"Nani anabomoa shule yangu?" Mwalimu mkuu alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza.

Mjomba alikuwa mbele ya darasa jipya, nyundo mkono huu, tindo mkono ule, anabandua lipu yote tangu juu. Vumbi lilikuwa limemfanya mweupe kama mzuka. Wanafunzi walikuwa wamejaa. Alipomwona mwalimu aliacha kugonga.

"Kosa ni langu," alisema, na uso wake bado ulikuwa wa hasira, lakini haikuwa hasira ya kumkasirikia mtu mwingine. "Nilitumia mchanga wa ufukweni nikijua haufai. Nitapiga upya, kwa mchanga wa mto, kwa nguvu zangu. Huyo binti aliyeko langoni mruhusuni aingie. Nimemwomba radhi wakati napita, na sasa namwomba mbele yenu."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Na mimi nilihukumu kabla ya kuchunguza," alisema. Akamwita Nyavu kwa mkono wake mwenyewe. Lakini darasa la pili, alimwambia Mjomba wazi, atapewa fundi mwingine. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akarudi kugonga. Kazi ile ilimchukua wiki mbili, na nyumbani walikula chakula chepesi.

Jumapili ya mwisho wa mwezi uliofuata walirudi ufukweni. Safari hii Mjomba alibeba makoleo mawili na miche kumi ya mvinje. Alichimbua udongo wa nyuma ya ufukwe, akafukia shimo moja baada ya jingine, Kiberiti akimsaidia.

"Bado una hasira na mimi?" Mjomba aliuliza.

"Ndiyo," alisema Kiberiti.

"Vizuri," Mama alidakia kutoka kivulini. "Hasira si dhambi, mwanangu. Imetuonyesha ukuta mbovu, na imemrudisha rafiki yako darasani. Ila usiichagulie watu. Ukiona kosa, likasirikie hivyo hivyo, liwe la mgeni, liwe la mjomba wako, liwe lako mwenyewe. Ukisema ukweli kwa wengine tu, na nyumbani ukanyamaza, hapo hujasema ukweli."

Kiberiti aliweka koleo chini. Njaa ilikuwa inamuuma. Alikwenda kwenye Meza, akanyoosha mkono kutafuta mayai, akaruka mara ya kwanza, akaruka mara ya pili. Hakufikia.

Mjomba alimtazama. Hakucheka. Alishusha kikapu, akampa, kisha akashika koleo na kuendelea kufukia.