Tundu Kwenye Bawa la Kushoto

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia saluni ya mama yake mdogo. Alimwamkia, akawaamkia wateja waliokaa kwenye viti, akatupa begi lake pembeni, kisha akazama chumba cha nyuma kama mtu aliyeitwa na wakubwa. Jina hilo la Chapuchapu alipewa na wenzake darasani kwa sababu alikula mbio, aliandika mbio, na ukimpa salamu alikuwa amekwisha kuitikia kabla hujaimaliza.

Kilichomvuta chumba cha nyuma kilikuwa juu ya meza ndogo, karibu na dirisha. Kilikuwa mfano wa ndege ya vita ya zamani, ndege ya mabomu yenye injini mbili, ndogo kiasi cha kutua kwenye sinia. Baba yake, dereva wa lori za masafa marefu, ndiye aliyemletea boksi lake kutoka safarini. Juu ya boksi palichorwa ndege nzima ikipasua mawingu, lakini lilipofunguliwa, ndani palikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu tu, vimeshikamana kwenye fremu zake.

"Baba, mbona ndege yenyewe haimo?" aliuliza siku ile.

"Imo," baba alijibu akicheka. "Inakusubiri wewe uitoe."

Na kweli alianza kuitoa. Vifaa vyote vilipatikana pale pale saluni. Vipande alivikata kwenye fremu kwa kikata kucha, akalainisha kingo kwa tupa ya kucha, akayabana mabawa yaliyopakwa gundi kwa vibanio vya nywele. Hata rubani mdogo wa plastiki, asiyezidi punje ya harage, alimpaka rangi kwa brashi ya kucha iliyochakaa. Mama mdogo hakumnyima kitu. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Dirisha liwe wazi," alisema. "Hiyo gundi na hizo rangi zinapanda kichwani. Nikikuta umefunga dirisha, hiyo ndege yako itaruka kweli, tena hadi barabarani."

Haraka yote hii ilikuwa na sababu. Mwalimu wa historia alikuwa ameandaa maonyesho ya ndege za vita vya zamani, na kila mwanafunzi aliyependa angeleta ndege aliyoiunda mwenyewe. Ile itakayoshinda ingewekwa kwenye kabati la vioo pale mlangoni mwa shule, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Chapuchapu alikwisha kuiona ndege yake humo. Aliiona akiwa anapiga mswaki. Aliiona katikati ya somo la hisabati.

Alasiri ya kuamkia maonyesho, rafiki yake anayekaa naye dawati moja alikuja saluni kumwangalia. Walimwita Miwani, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Yeye alikuwa ameunda ndege ndogo ya kivita yenye injini moja, na kwa wiki nyingi hakuwa na habari nyingine ila kuisugua kwa msasa mpaka mahali vipande vilipoungana pakapotea kabisa.

"Lo! Imependeza!" Miwani alisema akiinama mezani. Ndege ya Chapuchapu ilikuwa na mabaka ya kijani na kahawia mgongoni, na tumbo la rangi ya anga. "Imebaki nini?"

"Nembo za kubandika tu. Na injini hii ya kushoto nimeigundisha sasa hivi. Ila rangi ya bawa bado inanata."

"Basi iache mpaka kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi? Nitalala vipi?" Macho ya Chapuchapu yalizunguka chumba kizima, yakatua kwenye mashine ya kukaushia nywele iliyoning'inia ukutani. Uso ukamng'aa. "Mama mdogo anakausha kichwa kizima cha mteja kwa hii. Itashindwa na kibawa?"

Miwani alifungua mdomo kumkataza, lakini mashine ilikuwa imekwisha kuunguruma.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri ajabu. Rangi ilikauka palepale, na Chapuchapu akarukaruka kwa furaha. Akasogeza mashine karibu zaidi. Gundi iliyojaa chini ya injini ilikuwa imeilainisha plastiki, na sasa ule upepo wa moto ukamalizia kazi. Bawa likaanza kulegea. Likainama taratibu kama mtu anayesinzia kanisani.

"Zima! Zima!" Miwani alipiga kelele.

Chapuchapu alizima, akachukua tupa ya kucha ili alisukume bawa lirudi juu. Tupa ikapenya. Ilipotoka, iliacha tundu la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kingo zake zimejikunja.

Walitazamana.

"Mimi sikuona kitu," Miwani alisema, akavua miwani yake kabisa.

Chapuchapu alitaka kulia, lakini machozi nayo yangemchelewesha. Alilinyoosha bawa kwa kadiri alivyoweza, akabandika nembo zake, akamalizia kwa kupaka vanishi. Alikwenda nyumbani akijiambia kwamba huenda hakuna atakayeliona.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa wazazi, wanafunzi na ndege za kila namna. Jaji mgeni alikuwa fundi wa ndege, mwanamke mrefu aliyevaa ovaroli la bluu, mwenye tochi ndogo mfukoni. Alipita meza baada ya meza akimulika matumbo ya ndege na kuguna. Alipofika kwa Chapuchapu, alisimama. Tochi ikatua moja kwa moja kwenye lile tundu.

"Mama yangu wee!" fundi alisema. "Mwalimu, njoo uone! Tundu la risasi! Tazama kingo zilivyojikunja kama bati lililopigwa. Mwanangu, hili umelifanyaje?"

Mdomo wa Chapuchapu ulitangulia kabla ya akili.

"Nilipasha sindano moto, shangazi. Halafu nikatoboa kidogo kidogo, nikawa nakunja kingo."

"Hodari!" fundi alisema, na watu wakasogea kutazama. Mtu mmoja alitoa simu akapiga picha. Chapuchapu alijihisi amekuwa mwepesi, miguu haigusi sakafu. Lilikuwa tundu la risasi! Yeye mwenyewe alikaribia kuamini.

Haikuchukua muda fundi akapanda jukwaani. "Ndege nyingi hapa ni nzuri," alisema. "Ipo moja ndogo ya kivita, safi kupita kiasi. Lakini ushindi nimeupeleka kwenye ndege yenye tundu la risasi, kwa sababu ya lile tundu. Mshindi, njoo! Nimeomba mshumaa na sindano, na hili hapa bawa la ndege iliyovunjika. Tuonyeshe ulivyofanya, na wenzako wajifunze."

Makofi yalilipuka. Chapuchapu alipanda jukwaani, akapokea sindano. Watoto wadogo walikaa chini mbele kabisa, shingo zimenyooka. Alitazama pembeni akamwona Miwani amesimama kando ya ndege yake safi kupita kiasi. Miwani aliujua ukweli wote, naye alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Hilo ndilo lililomshinda. Aliweka sindano chini.

"Siwezi kuwaonyesha," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia kwa nguvu. "Siwezi, kwa sababu sikutumia sindano. Si tundu la risasi. Nilikuwa na haraka, nikakausha rangi kwa mashine ya kukaushia nywele, bawa likayeyuka. Nimesema uongo."

"Mashine *yangu*?" sauti ya mama mdogo ilisikika kutoka nyuma.

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Chapuchapu alitamani ardhi immeze, lakini kifuani alihisi kama ameshusha gunia.

Fundi hakucheka. Alimwita Miwani, akampa yeye ushindi, na Chapuchapu akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Kisha fundi akavuta kiti, akakaa na Chapuchapu mezani kwake. Alikata kipande chembamba cha plastiki kutoka kwenye fremu tupu, akamwonyesha namna ya kukigundisha juu ya tundu kwa tone dogo la gundi.

"Mabawa ya kweli yalizibwa hivi hivi," alisema. "Yalipopigwa vitani, mafundi walikata bati, wakaliziba tundu kwa kiraka, na ndege ikaruka tena."

"Kweli? Kwa hiyo hiki ni kiraka cha kweli?" Chapuchapu aliuliza, macho yamemtoka. Watoto walianza kujazana mezani. Mmoja aliuliza kiraka kitapakwa rangi gani, mwingine akataka kujua mashine ya nywele ina moto kiasi gani.

Fundi alisubiri wanyamaze.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Kazini kwetu kila fundi hukosea. Anayekosea akanyamaza, ndege hupaa na kosa lake, na watu wamo ndani. Anayesema 'nimekosea' huturuhusu tufungue, tutengeneze, na abiria wafike kwao salama. Haraka ya huyu mwenzenu iliharibu bawa. Bawa tumelitengeneza. Uongo wake ungebaki pale kwenye kabati, hakuna kiraka ambacho kingeuziba, ila ameutoa mwenyewe mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo ningemkabidhi ndege yangu."

Chapuchapu aliinua ndege yake juu ya vichwa vya watoto, kiraka cha kijivu kikiwa wazi kwa kila mtu, na wote wakaanza kuunguruma kama injini.