Mkaguzi wa Samaki Asiyekula Samaki

Jumamosi saa nne asubuhi soko la samaki limejaa mpaka watu wanapishana kwa ubavu, na huyu dada anaingia na buti nyeupe za mpira, koti jeupe la ofisini, na kilemba cha njano kinachoonekana kutoka lango la mbele mpaka la nyuma. Mkononi ana kipimajoto chembamba kama sindano ya kufumia. Ni mkaguzi wa afya, wiki yake ya kwanza kazini, na amepangiwa sehemu ambayo wenzake wote ofisini waliikimbia kwa sababu ya harufu.

Alikuwa anatafuta meza namba tisa. Mama mmoja mwenye kikapu akamsukuma, buti likateleza kwenye maji ya barafu, na mkaguzi akajikuta amening'inia kwenye aproni ya mtu.

"Karibu," akasema mwenye aproni. "Hiyo haiuzwi, lakini tunaweza kuongea."

"Samahani. Natafuta meza namba tisa."

"Umeshaishika."

Na huyo kijana, chini ya aproni nyeusi ya mpira, alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka kola imesimama yenyewe. Kwenye soko la samaki, jamani. Wenzake walimwita Mapezi, na lile shati walishalicheka wakachoka.

Mkaguzi akarekebisha kilemba, akachomeka kipimajoto kwenye tumbo la samaki mkubwa, akasubiri, akaandika. Akagusa barafu. Akaangalia mfereji wa maji machafu. Akaandika tena. Mapezi alimfuata kwa macho kama anayesubiri majibu ya mtihani.

"Umempenda yupi, afisa? Nikutengenezee uende naye."

"Sili samaki."

"Anakudhuru?"

"Hanidhuru, na mimi simdhuru. Sili samaki, nyama, mayai wala maziwa. Sili kitu chochote kinachohisi maumivu."

Meza ya jirani alikuwepo mwanamke muuza pweza, mnene, mwenye sauti ya kufika barabarani. "Mapezi, umesikia? Wametuletea mkaguzi wa samaki asiyekula samaki. Wiki ijayo watatuletea refa anayechukia mpira."

Watu wakacheka. Mapezi naye akataka kucheka, akajizuia. "Sasa, afisa, unajuaje kama samaki ni mzuri?"

Mkaguzi akakifuta kipimajoto taratibu. "Na hiki nacho hakili. Lakini kinajua."

Basi ndiyo hivyo, Mapezi alikuwa ameshaisha.

Namba ya simu aliipata wiki ya tatu, kwa kisingizio cha kuuliza kuhusu barafu. Kila siku saa nane, akishafunga meza na kuoga, anapiga. Mkaguzi anatoka kwenye korido ya ofisi, anaegemea dirisha, anajifanya anaongea na fundi wa mashine ya kuchapa.

"Afisa wangu, leo nina swali. Kamba je?"

"Kamba anahisi."

"Ngisi?"

"Ngisi ana akili kuliko wewe, laazizi."

"Hilo sikatai. Na chaza? Yule hana macho, hana ubongo, hakimbii, amekaa ndani ya magamba yake mawili kama jiwe."

"Chaza sina hakika. Chuoni tulisoma hana ubongo, ana mishipa ya fahamu tu. Kuna wenzangu wasiokula nyama, lakini chaza wanakula. Mimi bado sijui."

"Kwa hiyo kuna mlango uko wazi."

"Ni dirisha, na lina nondo. Hebu niambie umekula nini leo."

Sasa kuna jambo moja lilitokea ambalo muuza pweza ndiye aliyeligundua kabla ya wote. Siku moja mkaguzi alisimama mbele ya ndoo ya kaa, miguu yao imefungwa kwa kamba.

"Mtu akimnunua hapa, anampeleka wapi?"

"Kwenye maji yanayochemka," akajibu Mapezi.

"Akiwa mzima?"

"Wanasema ndipo anapokuwa mtamu."

"Na yeye anafanya nini humo ndani?"

Mapezi akaangalia ndoo. "Anagonga kifuniko. Dakika mbili hivi."

Mkaguzi hakutoa hotuba. Aliandika joto la barafu, akasaini, akaondoka. Lakini wiki iliyofuata Mapezi alikuwa na chuma chenye ncha, amefundishwa na mpishi mmoja wa hotelini. Kaa anazikwa kwanza kwenye barafu mpaka anazubaa kabisa, halafu mteja akimchagua, Mapezi anamgeuza tumbo juu na kuchoma mahali pawili. Sekunde tatu, kaa ametulia. Anafungwa kwenye mfuko, na mteja anaambiwa ampike siku hiyohiyo. Wateja wengine walinung'unika, wakahamia meza nyingine. Mapezi akaendelea.

"Mapenzi yamemharibia biashara," muuza pweza akamwambia muuza ndimu.

Miezi mitano ikapita hivyo. Ikabaki kumwona mama.

Mama yake Mapezi ndiye mwenye meza namba tisa. Aliiendesha miaka ishirini na sita, akamkabidhi mwanawe magoti yalipokataa. Na alikuwa na msimamo wake: "Mwanamke akija kwangu, akala chakula changu akashiba, sina swali lingine. Asipokula, mwanangu, tutatazamana tu."

"Mama, hali nyama wala samaki."

"Hata mchuzi wa samaki?"

"Hata mchuzi."

"Haya. Nitampikia supu ya mboga, na atarudia."

Jumapili mchana mkaguzi akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, gauni refu la bluu lenye vifungo vyeupe, viatu ameazima kwa dada yake. Meza ya mama ilikuwa na kitambaa cha plastiki cha kijani, feni inazunguka pole pole, na bakuli kubwa la supu ya viazi na karoti, nzito, rangi ya machungwa, moshi unapanda.

Mapezi akatia kijiko mdomoni, akajua.

Mtu aliyekulia meza namba tisa hapotezwi na ladha hiyo. Ilikuwa chaza. Akamtazama mkaguzi: amefumba macho, anaonja polepole. "Mama, hii supu. Mbona sijawahi kula kitu kama hiki?" Akamtazama mama: anacheka mpaka pengo la nyuma linaonekana. Maneno yakamfika Mapezi kooni. Akajiambia, chaza hana ubongo. Akajiambia, mwenyewe alisema hana hakika. Akameza supu, na maneno akayameza nayo.

Mkaguzi akaongeza bakuli la pili. Kisha, kwa mapenzi tu ya kumfurahisha mkwe, akasema, "Mama, nifundishe. Unaanza na nini?"

"Si kazi, mwanangu. Nachemsha chaza kumi na mbili, nyama yao naweka pembeni, yale maji ndiyo nachemshia viazi. Ndiyo maana inakuwa tamu hivyo. Nyama sikukutilia, maana huli."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kwake yeye samaki ana mapezi na mkia. Chaza ni kiungo, kama chumvi.

Mkaguzi akaweka kijiko chini, bila sauti. Akamgeukia Mapezi. Mwenzake alikuwa anaangalia kitambaa cha kijani.

"Asante, mama," akasema. "Nimeshiba. Chakula chako ni kizuri mno." Akamsaidia kutoa vyombo, akaosha bakuli lake, akaaga vizuri. Wakatoka, mlango ukafungwa nusu nyuma yao, na pale juu ya ngazi ndipo moto ulipowaka.

"Ulijua?"

"Kijiko cha kwanza."

"Na nilipochukua bakuli la pili?"

"Mpenzi, nisikilize. Mama alikuwa amefurahi. Na ulisema mwenyewe chaza hana—"

"Nilisema sijui. Sikukutuma unijulie."

"Ni maji tu ya chaza."

"Hata ingekuwa harufu tu. Ningemwambia mama kwa adabu, ningekula mkate, tungecheka. Wewe ukakaa pale ukaniamulia kitu kinachoingia mwilini mwangu, unaniangalia nikikisifia."

"Nimekosa. Lakini usiifanye kama nimekuwekea sumu."

Na hapo ulimi wa mkaguzi ukamshinda. "Nilitegemea nini? Mtu anayeua toka asubuhi mpaka saa nane atajuaje mtu mwingine anaumia wapi."

Mapezi akafunga kifungo cha mkono wa shati kilichokuwa kimefungwa tayari. "Sawa, afisa," akasema. Akarudi ndani. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na sura yake ilionyesha amesikia yote.

Mkaguzi akabadilishana sehemu na mwenzake wa ofisini, akaenda kukagua viwanda vya mkate. Mapezi alipiga simu siku nne, hazikupokelewa. Siku ya tano alituma ujumbe: Nilikosea kunyamaza. Sina cha kujitetea. Akaacha kupiga.

"Kwa hiyo umemuacha kwa ajili ya chaza," dada yake akamwambia, anasuka nywele mbele ya kioo.

"Sikumuacha kwa ajili ya chaza. Alinificha."

"Alikuficha, akaomba radhi. Wewe ulimwita muuaji nyuma ya mlango wa mama yake, aliyemlea kwa hao samaki. Umeomba radhi?"

Mkaguzi akachukua kitana, akaanza kung'oa nywele zilizonasa.

"Nilijua," dada akasema. "Nishikie kioo."

Wiki ya nne yule mwenzake wa ofisini akaumwa, na mezani kwa mkaguzi ikatua barua ya malalamiko. Mteja wa sokoni: meza namba tisa inauza kaa waliokufa, mwenye meza anakataa kuuza wazima. Adhabu ikithibitika ni kufungiwa meza. Mkaguzi akaisoma mara mbili. Akavaa buti.

Soko lilikuwa limejaa kama kawaida. Muuza pweza akamwona kwanza. "Mapezi, jikunjue. Refa amerudi."

Mapezi akainua kichwa. Shati lilikuwa limepigwa pasi, ila amekonda. "Afisa."

"Nimekuja kwa malalamiko. Naomba nione unavyouza kaa."

Mapezi akamwonyesha. Mteja akachagua mmoja kwenye barafu, Mapezi akamgusa jicho kuona kama amezubaa, akamgeuza, akachoma. Sekunde tatu. Mkaguzi akapima, akaandika saa na joto. Kaa ameuawa mbele ya mnunuzi, amehifadhiwa kwenye baridi, ameandikiwa apikwe leo. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Malalamiko hayana msingi.

Alipaswa kusaini na kuondoka. Akabaki amesimama.

"Nilidhani umeacha hii," akasema. "Inakupotezea wateja."

"Nilianza kwa ajili yako," Mapezi akasema, anaosha chuma chake. "Uliponiacha nilijaribu kurudi nilikotoka. Nikamfunga mmoja kamba, nikampa mteja. Nikakaa namfikiria njiani mpaka anafika jikoni. Siwezi tena. Sasa hivi hii ni ya kwangu, usijione umenishinda."

"Sijioni."

"Lakini samaki nitauza. Naua, ni kweli. Ulivyosema ni kweli."

"Nilivyosema ni uongo," mkaguzi akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na muuza pweza akaacha kukata pweza ili asikie. "Unajua mtu anaumia wapi. Ulijua kwa kaa kabla sijamaliza kuuliza. Nilisema vile ili uumie, na mama akasikia. Nakuomba radhi. Nitaenda kumwomba na yeye."

"Anakuulizia kila siku. Ameshajifunza supu nyingine, ameniunguzia sufuria mbili."

"Hukumwambia tumeachana?"

"Nilishindwa pa kuanzia. Safari hii sikuficha ladha, nilificha aibu."

Akacheka kidogo, mkaguzi naye akacheka, wakaacha kwa wakati mmoja.

"Nyumbani kwetu tutaishije?" Mapezi akauliza. Lile neno kwetu lilimtoka tu. "Nikirudi na samaki?"

"Utampika, utamla, sufuria utaiosha mwenyewe. Usinibembeleze nionje na mimi sitakuhesabia miiba. Na kitu chochote kikiwa na kitu ndani yake, unaniambia kabla ya kijiko."

"Kabla hata ya sahani. Na chaza?"

"Bado sijui. Nikijua utakuwa wa kwanza kuambiwa. Mpaka siku hiyo sili."

Akarudi kwenye fomu yake ya malalamiko. Amejaza kila kitu, imebaki sehemu moja ya chini kabisa, ile ambayo kila mkaguzi huijaza Hapana bila kuisoma: Je, mkaguzi ana uhusiano wowote na mwenye meza? Kama ndiyo, eleza.

Kalamu ikasimama. Akiandika Hapana, kazi imekwisha, anaweza kurudishiwa sehemu hii ya soko. Akiandika Ndiyo, ukaguzi wa leo unafutwa, anakuja mtu mwingine kuurudia, na yeye hatakagua tena meza hii maishani. Akaigeuza fomu Mapezi aisome.

"Niandike nini hapa?"

Mapezi akasoma. Masikio yakawa ya moto, mikono ikatafuta pa kujifuta. Alijua anachotaka kiandikwe, ungekiona kimejaa usoni. "Wewe ndiye mwenye kalamu," akasema. "Mimi sikuamulii."

Muuza pweza akagonga kisu mezani. "Mtoto wewe, andika, kuna watu wanasubiri kuhudumiwa."

Mkaguzi akaandika Ndiyo. Kwenye nafasi ya kueleza akaandika neno moja, kwa herufi kubwa ili ofisini wasije wakauliza: MCHUMBA. Akasaini, akachana nakala ya mwenye meza, akamkabidhi.

"Kesho saa mbili anakuja mkuu wangu kurudia ukaguzi," akasema, anarudisha kilemba sawa. "Hana huruma yule. Mfereji wako una magamba, na barafu ya upande wa kushoto haitoshi."

"Ndiyo, mke wangu."

"Bado. Safisha mfereji kwanza."