Barua Iliyogoma Kufutika

Kila siku baada ya masomo nilipitia karakana ya mjomba, fundi wa simu, nikafagia vipande vya waya, kisha nikakalia stuli yangu dirishani. Ndiyo maana shuleni waliniita Waya. Hapo ndipo nilipotengeneza barua ya mchezo wetu wa kuigiza.

Barua yenyewe ilikuwa karatasi ya kielektroniki, yaani kioo chembamba cheupe kilichounganishwa na chipu ndogo. Niliandika amri kwenye kompyuta, nikazituma kwa kebo, na chipu ikaiambia karatasi ionyeshe maneno gani. Jukwaani mfalme angesoma "Karibu nyumbani", na akibonyeza kitufe pembeni, maneno yangegeuka kuwa "Ondoka leo hii". Wiki tatu nilihangaika nayo. Mjomba alinifundisha kulehemu, lakini amri zote niliziandika mwenyewe.

Mwalimu wa maigizo alipoiona alitikisa kichwa.

"Hii kazi ya mjomba wako, Waya. Siwezi kuwadanganya wazazi kwamba kaifanya mtoto. Nitaamua kesho kwenye mazoezi, lakini naona tutatumia karatasi ya daftari."

"Nimetengeneza mimi, mwalimu."

"Usibishane na mimi."

Nilifika karakana nimefura kwa hasira. Nikaandika na kutuma: "Mwalimu wa maigizo ni mbishi kuliko swichi mbovu." Nikacheka peke yangu, nikachomoa kebo. Kisha nikayafuta maneno hayo kwenye kompyuta, nikarudisha ya mfalme, nikaitia barua kwenye bahasha bila kuitazama.

Kesho yake mfalme wetu, ambaye hajawahi kukariri hata mstari mmoja, alifungua bahasha mbele ya darasa zima akasoma kilichoandikwa, kwa sauti nzito ya kifalme: "Mwalimu wa maigizo ni mbishi kuliko swichi mbovu."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimefuta, lakini sikutuma tena. Karatasi ile hushika maneno ya mwisho uliyoipa hata ukichomoa kila kitu.

"Sikusema?" mwalimu aliuliza. "Mjomba wako ndiye kaandika. Basi kompyuta za shule anazotutengenezea hatazigusa tena."

Ningenyamaza tu, ningepona. Lakini damu ilinichemka. Kazi yangu kapewa mjomba, na sasa kosa langu pia? Nikasimama.

"Hapana, mwalimu. Mjomba hajui kama maneno hayo yapo. Nimeyaandika mimi, herufi kwa herufi. Nipe adhabu, sikatai. Ila ukinipa kosa, nipe na kazi."

Mwalimu akamnyang'anya mfalme barua, akaninyooshea.

"Thibitisha," alisema.

Nikatoa kompyuta kuukuu ya mjomba kwenye mkoba, nikachomeka kebo, nikaandika amri mpya. Mara ya kwanza chipu ilikataa, na mtu nyuma akaguna. Nilikuwa nimesahau kufunga mabano mwishoni mwa amri. Nikayafunga, nikatuma. Karatasi ikageuka nyeusi, ikawa nyeupe, kisha ikatulia: "Samahani, mwalimu. Lakini ni yangu."

Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Utafagia ukumbi wiki nzima kwa lile tusi," alisema. "Na barua hii itapanda jukwaani, jina lako litatajwa. Nilikudharau mbele ya wenzako, kwa hiyo naomba radhi mbele yao. Na mjomba wako nitamfuata mwenyewe nimwombe radhi." Akaligeukia darasa. "Kudai haki yako wakati huna kosa ni rahisi. Huyu kaidai huku kosa lake kalishika mkononi. Ukisema kitu ni chako, kichukue chote, na ubaya wake."

Nikaenda kuchukua ufagio. Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Waya. Yale ya swichi umeyafuta kweli?"

"Nimefuta, mwalimu. Nimetuma, na nimeangalia."