Profesa wa Masikio Alivyonitenga na Kaka Yangu

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, naishi Kharumwa. Shule niliishia la saba, lakini ndoto, ndugu zangu, hazina darasa... Nacheka na kila mtu na kumwamini kila mtu. Hapo ndipo nilipoumizwa.

Profesa alitoka chuo kikuu kuja kupima masikio ya watu wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinazopiga kelele kutwa. Akanichukua nimtafsirie Kisukuma. "Kabula, una akili," aliniambia. "Utafiti ukiisha nakupeleka ukasomee kupima." Nyie, nilitembea kama daktari! Wenzangu sokoni wakinitania, "Shikamoo, Daktari wa Masikio," naitikia marahaba bila aibu.

Watu waliogopa kupimwa. Profesa akaahidi majibu yatabaki kati yake na mwenye sikio. Nikaamini, nikampeleka kaka yangu Masanja, aliyenilea tangu wazazi wafariki. Karasha lilishamla masikio, alikuwa anasoma midomo tu, na alificha asije akapoteza kazi.

Akavishwa hedifoni, akaambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mkono haukunyanyuka. Profesa akamtazama usoni: "Kijana, husikii?"

Sasa kwetu mtoto akiambiwa "husikii" maana yake ni mkaidi, fimbo inafuata. Masanja akainamisha kichwa kwa adabu. "Nasikia, mzee. Mimi sijawahi kumkaidi mtu."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Nikadhani yameishia pale... Kumbe mchana, akinywa soda na mwenye karasha, tajiri wake Masanja, akamhadithia kama kichekesho nami nimesimama hapohapo. "Hajasikia hata mlio mmoja, eti ananiambia nasikia." Kesho yake Masanja akafukuzwa. "Sitaki kiziwi kwenye mashine yangu," tajiri alisema. "Akikatwa mkono akafa, mimi ndiye nitakayeitwa muuaji."

Nilimfuata Profesa nikilia. Mnajua alinijibu nini? "Kabula, mimi ni mtafiti. Kuajiri na kufukuza si kazi yangu." Chuoni sikupelekwa. Juzi binamu yangu akanionyesha video kwenye simu: Profesa amevaa joho, anapongezwa kwa kazi yake ya miaka mingi, anaiga sauti ya kaka yangu, na wasomi ukumbini wanacheka na kupiga makofi. Mtu huyo ana moyo gani? Sijamsamehe, wala sijifanyi nimemsamehe.

Watu wa makarasha wananiita dalali wa masikio. Hilo navumilia. Lakini Masanja, ambaye sasa anachunga ng'ombe wa watu... nikianza kuongea anageuza uso asiione midomo yangu. Kwa mtu kama yeye, huko ni kunifungia mlango. Nimeuomba radhi mgongo wake mara ngapi?

Ndugu wasomaji, hasa mabinti wenye ndoto kama mimi, kupima masikio ni vizuri, maana yakishaharibika hayarudi. Lakini kabla hujampeleka mtu wako, muulize mpimaji mbele ya mashahidi: ukikaa na tajiri wake utamwambia nini? Akicheka badala ya kujibu, mshike ndugu yako mkono, muondoke.